Dakika za kusubiri kompyuta iwake ni za nani? Uzi wa saa za ziada zisizolipwa maofisini

#1 KaraniWaZamu
Wakuu, salaam. Nina swali ambalo ofisini kwetu limewagawa watu, na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Sisi tunalipwa kwa saa. Mfumo wa mahudhurio umo ndani ya kompyuta, na huwezi kubonyeza "nimeingia" mpaka mashine iwake, uweke nywila, programu za wateja zifunguke zote. Mashine zenyewe zimechoka. Kuna asubuhi kile kiduara kinazunguka kwenye kioo dakika kumi nzima, wewe umekaa hapo na hedifoni masikioni unakitazama tu. Simu ya kwanza lazima ipokelewe saa 2:00 kamili, kwa hiyo wote tunafika saa 1:45. Malipo yanaanza saa 2:00. Jioni ni hivyohivyo: unabonyeza "nimetoka" kwanza, halafu ndiyo unamwandikia wa zamu inayofuata maelezo ya wateja waliobaki.

Juu ya hapo mfumo unapeleka kila muda kwenye robo saa iliyo karibu. Na meneja amebandika tangazo: muda wa ziada usioombwa kwa maandishi hautalipwa.

Zile dakika ni kazi au si kazi? Na hilo tangazo lina nguvu gani? Mwenye kifungu aweke kifungu, mwenye yaliyomkuta aweke yaliyomkuta.

#2 Mzee Rejista
Nitakuwa wa kwanza kukupinga. Hayo ni maandalizi. Ni kama kuvaa viatu kabla ya kutoka nyumbani, hakuna mwajiri anayemlipa mtu kwa kuvaa viatu. Zama zetu tulisaini rejista mlangoni, ukichelewa unapigiwa mstari mwekundu, na hakuna aliyehesabu dakika za kutafuta kalamu.

#3 Binti Hesabu
Shikamoo mzee wangu, ila hapo hapana. Viatu navaa kwangu, kwa wakati wangu, na nikitaka naenda peku. Kompyuta ni ya ofisi, imo ofisini, na bila kuiwasha hakuna kazi.

Halafu tazama ulichokisema mwenyewe: rejista ilikuwa mlangoni. Ukishasaini, saa imeanza kuhesabu hata kama meza yako iko ghorofa ya nne. Mwenzetu huyu rejista yake imewekwa mwisho wa maandalizi. Nyie mlikuwa na hali nzuri kuliko yeye.

#4 Mtu wa Vifungu
Tuanzie kwenye msingi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 30 wa mwaka 1930 ulitungwa mahsusi kwa ajili ya biashara na maofisi. Kifungu cha 2 kinasema saa za kazi ni ule muda ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Hakiulizi kama mikono inaandika au imekunjwa. Mtu aliyeambiwa akae mbele ya kioo saa 1:45 awe tayari saa 2:00, yuko chini ya amri ya nani?

Mkataba huohuo unaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, unataka malipo ya ziada yasipungue mara 1.25 ya malipo ya kawaida, na unamtaka mwajiri aandike kumbukumbu ya saa za ziada na alicholipa. Nchi ambayo haikuridhia haifungwi nao, lakini mantiki yake utaikuta kwenye sheria nyingi.

#5 Zamu ya Usiku
Naweka kambi hapa. Na sisi ni hivyohivyo.

#6 Juma Ughaibuni
Nipo Marekani, nimefanya kazi ya simu miaka. Hili la kompyuta kuwaka limeshafika mahakamani, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa kumi (mizunguko ni kanda za mahakama hizo) iliamua kwamba watoa huduma wa simu walipwe muda wa kuwasha kompyuta na kufungua programu, ingawa ilikuwa kama dakika mbili tu kwa siku. Mwaka 2022 mzunguko wa tisa ukasema kuwasha kompyuta ni sehemu isiyoachana na kazi yenyewe, kwa kuwa bila hiyo huwezi kupokea simu wala kumhudumia mteja.

Kwa hiyo mleta uzi, huku kwetu dakika kumi zako zingelipwa. Ila chini ya dakika saba hawalipi, hiyo ndiyo sheria.

#7 Mtu wa Vifungu
Juma, hapo mwisho rekebisha. Hakuna sheria ya kutolipa chini ya dakika saba. Kinachosemwa kwenye kanuni za shirikisho, kifungu 785.48, ni kwamba mwajiri anaweza kupeleka muda kwenye dakika tano, sehemu ya kumi ya saa au robo saa iliyo karibu, kwa sharti kwamba baada ya muda hesabu isawazike na mfanyakazi alipwe muda wote aliofanya kazi. Kwa robo saa, dakika 1 hadi 7 zinashuka, 8 hadi 14 zinapanda. Kama mfumo unashusha tu na haupandishi, au mazingira yamepangwa ili daima ushuke, kanuni hiyo haimkingi mwajiri.

Na ile kesi ya 2022 ina mkia. Ilirudi, na mwaka 2024 mahakama ileile ikasema kanuni ya kuachilia vijidakika visivyo na uzito bado ipo kwenye sheria ya shirikisho, ikairudisha chini ipimwe upya. Kwa hiyo "ni kazi" na "inalipwa" bado ni maswali mawili.

#8 Juma Ughaibuni
Nimekuelewa mkuu. Ongeza na ile ya 2014 basi, ya wafanyakazi wa ghala waliokuwa wanapanga foleni kukaguliwa wakitoka. Mahakama Kuu ya Marekani iliwanyima kwa kauli moja, kwamba kukaguliwa si sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Sheria ya mwaka 1947 ndiyo iliyofungua mlango huo, kwa kutenganisha kazi na yale ya kabla na baada ya kazi.

#9 Mzee Rejista
Marahaba binti #3. Umeona sasa #8? Foleni ya ukaguzi haikulipwa, na ile foleni mwajiri ndiye aliyeiweka. Viatu vyangu bado vina nguvu.

#10 Binti Hesabu
Mzee viatu vyako vimeanza kubana. Wale wa ghala kazi yao ilikuwa kutoa bidhaa kwenye rafu na kuzifungasha, ukaguzi ukiondolewa kazi inaendelea. Ondoa kompyuta kwa karani wa simu, kinabaki nini?

#11 Mama Taimushiti
Tuache Marekani kidogo. Tanzania sheria ni saa 48 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ziada, inalipwa mara moja na nusu.

#12 Mtu wa Vifungu
Dada, ni 45. Hiyo 48 ni ya mikataba ya kimataifa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na hapo muda wa chakula hauhesabiwi. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila majuma manne, na isilipwe chini ya mara 1.5. Hata ukikubali mwenyewe, siku yako yote isivuke saa 12.

Mambo mawili watu huyasahau. La kwanza, mameneja wanaosimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kinga hii ya saa, ndiyo maana utaona mtu anapewa cheo na dawati kubwa, ovataimu inaishia hapo. La pili, kama unalipwa kwa mwezi na unataka kujua saa yako moja ina thamani gani, jedwali la sheria hiyo linakupa njia: gawanya mshahara kwa 4.333 mara saa zako za kawaida za wiki. Kwa wa saa 45 unagawanya kwa 195.

#13 Wanjala
Kenya ni tofauti kidogo. Ile amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki zikigawanywa siku sita, ziada mara 1.5 siku za kawaida na mara 2 siku ya mapumziko au sikukuu. Na anayelipwa kwa mwezi, saa yake inahesabiwa kwa kugawanya kwa 225. Lakini ofisi nyingi mkataba wenyewe unataja saa pungufu ya hizo, arobaini hivi, na kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho unachokishika.

#14 Kipepeo
Na Uingereza je? Nasikia wao wanalipa vizuri.

#15 Juma Ughaibuni
Kipepeo, Uingereza sheria haimlazimishi mwajiri kulipa ziada kwa kiwango cha juu. Inategemea mkataba wako. Linaloangaliwa ni kwamba ukigawa malipo kwa saa zote ulizofanya, usishuke chini ya kima cha chini cha mshahara. Nilishangaa na mimi nilipoambiwa.

#16 Msimamizi
Nimesoma mpaka hapa naona waajiri wote wamekuwa wabaya. Mimi nasimamia kitengo. Ngojeni niwaambie upande wa pili.

Kuna watu hawatoki ofisini kwa sababu wanasubiri foleni ya magari ipungue. Wengine wana intaneti ya bure hapo. Wengine wanapiga soga mpaka saa 1 usiku, halafu mwisho wa mwezi karatasi inasoma saa kumi na tano za ziada. Nikiulizwa na wakubwa kazi gani ilifanyika, sina jibu. Ndiyo maana tunadai maombi ya maandishi. Nina bajeti ya saa, nikiivuka naulizwa mimi. Tangazo la meneja wa mleta uzi nalielewa kabisa.

#17 Binti Hesabu
Msimamizi asante kwa kusema wazi. Lakini mtu anayepiga soga humlipi kwa sababu hafanyi kazi, hilo wala halihitaji tangazo. Tatizo ni yule anayefanya kazi, wewe unamwona, ripoti unaipokea saa 12:40 jioni, unaitumia kesho yake kwenye kikao, kisha unasema "hukuomba". Kazi umeichukua.

#18 Mtu wa Vifungu
Na hapo ndipo kanuni za Marekani zina maneno makali. Kazi ambayo mwajiri hakuiagiza lakini ameiacha ifanyike, ni muda wa kazi. Ni jukumu la uongozi kuzuia kazi isiyotakiwa, na kutangaza tu katazo hakutoshi. Mfanyakazi aliyekiuka utaratibu wa kuomba unaweza kumpa onyo, lakini saa zake unamlipa. Adhabu ni jambo moja na ujira ni jambo jingine.

Tanzania ni gumu zaidi kwa sababu sheria inasema ziada ni kwa makubaliano. Mwajiri atasema hakukuwa na makubaliano. Wewe utasema kuniambia niwe mezani saa 1:45 ndiyo makubaliano yenyewe. Hapo ushahidi ndio utakaoamua.

#19 Msimamizi
Kwa hiyo nisimame mlangoni saa 11 nizime taa?

#20 Mama Taimushiti
Ndiyo kaka, zima. Bosi wangu mmoja alikuwa anapita meza kwa meza saa 11:10, anasema "funga, kesho ipo". Kitengo chake hakikuwahi kuwa na mgogoro wa ziada, na kazi zilikuwa zinaisha.

#21 Nyota wa Pembeni
Mimi nina kisa. Ofisi niliyotoka tulikuwa tunagonga kidole kwenye mashine. Mwezi mmoja nikaona slipu haiendani na nilivyokaa, nikaomba nichapishiwe mahudhurio yangu. Nikapewa karatasi mbili. Kila siku ya kutoka imeandikwa 17:00. Kila siku, kamili, haina hata dakika moja zaidi. Pembeni ya kila 17:00 kuna kinyota, na chini kabisa kwa maandishi madogo: "imerekebishwa na msimamizi".

Kuna siku kati ya hizo nilitoka taa za korido zimeshazimwa, mlinzi akanimulikia tochi mpaka getini. Nayo ilikuwa 17:00.

Nilipouliza nikajibiwa mfumo hauruhusu kuvuka saa za mkataba bila fomu, kwa hiyo wanasawazisha. Sikulipwa. Niliondoka baadaye kwa sababu nyingine, ila ile karatasi ninayo mpaka leo.

#22 Fundi Mifumo
Nyota, hiyo ya kinyota naijua. Mimi nafunga hii mifumo, niwaambie inavyokuwa maana watu wanadhani kuna mtu amekaa anapanga wizi.

Programu inakuja na mipangilio tayari. Kuna sehemu ya robo saa, kuna sehemu ya "usihesabu kabla ya zamu", kuna "kata dakika 30 za chakula kila siku" iwe mtu amekula au hakula. Mara nyingi hata wakati wa kufunga hakuna anayeniuliza lolote kuhusu hivyo vitu. Wanauliza kama inaweza kutoa ripoti. Nafunga, naondoka, mipangilio inakaa hivyohivyo miaka. Mhasibu anajua ndivyo mfumo ulivyo, utumishi wanajua ndivyo mhasibu anavyotaka.

Ila kubadilisha muda wa mtu kwa mkono ni jambo jingine. Mfumo ulio sawa unahifadhi muda wa asili na jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha. Kwa hiyo Nyota, zile dakika zako halisi huenda bado zimo mle ndani.

#23 Zamu ya Usiku
Fundi, kwa hiyo kosa ni la mipangilio? Hapana. Mipangilio ingekuwa inampunja mwajiri ingerekebishwa wiki ileile.

#24 Fundi Mifumo
Hilo siwezi kulipinga. Nimeshapigiwa simu usiku kwa sababu mfumo ulizidisha, na sijawahi kupigiwa kwa sababu ulipunguza.

#25 Binti Hesabu
Ngoja niweke namba kwenye swali la mleta uzi, maana watu wanasema "dakika tu".

Chukua mtu anayeingia 07:53 na kutoka 17:07. Robo saa ya karibu inampa 08:00 hadi 17:00. Dakika 14 zimekwenda kwa siku moja. Mwezi wa siku 22 za kazi ni dakika 308, saa tano na ushei. Kama ni za ziada na zinalipwa mara moja na nusu, ni ujira wa karibu saa nane, yaani siku nzima ya kazi kila mwezi.

Wengine watasema siku nyingine atachelewa dakika saba mfumo umbebe, kwa hiyo inasawazika. Itasawazika wapi, kama ukiingia 08:03 unaandikiwa barua? Aliyekatazwa kuchelewa hata dakika moja hawezi kufaidi upande wa pili wa robo saa. Mzani una upande mmoja tu.

#26 Mzee Rejista
Hesabu hii imenigusa. Binti, huo mfano wa barua ndio unaonishawishi kuliko vifungu vyote. Ila la kompyuta kuwaka bado tunatofautiana.

#27 Kipepeo
Na chakula? Mimi nakula mezani kwa sababu simu hazina mtu. Mfumo unanikata saa nzima kila siku.

#28 Mtu wa Vifungu
Kipepeo, kanuni za Marekani zinataja hali yako neno kwa neno: mfanyakazi wa ofisi anayetakiwa kula mezani kwake anahesabiwa yuko kazini huku anakula. Ili dakika 30 za chakula zisilipwe, lazima aachiliwe kabisa na majukumu. Na mapumziko mafupi ya dakika 5 hadi 20 yanahesabiwa kazi.

Tanzania, aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipa, isipokuwa amekutaka ufanye kazi au ukae tayari kwa kazi. "Ukae tayari" ni pana kuliko watu wanavyodhani. Simu ikiwa mbele ya sahani yako na umeambiwa uipokee, uko tayari kwa kazi.

#29 Mama Taimushiti
Mbona hamgusi makundi ya WhatsApp ya ofisi? Saa 4 usiku meneja anaandika "nani ana takwimu za leo?" Usipojibu kesho ni mada.

#30 Wanjala
Hiyo ndiyo inayoua watu sasa hivi. Ufaransa wana sheria ya haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu Januari 2017. Australia wakaweka yao Agosti 2024, mfanyakazi anaweza kukataa kusoma au kujibu ujumbe nje ya saa zake, isipokuwa kukataa kwenyewe kuwe hakuna sababu ya msingi.

#31 Msimamizi
Tunatoka nje ya mada.

#32 Mama Taimushiti
Hatujatoka kaka, wewe ndiye uliyeanza kuzima taa.

#33 Zamu ya Usiku
Nirudi kwenye kwa nini. Fundi anasema mipangilio. Msimamizi anasema bajeti na soga. Mimi naona ni hofu. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Mtu anajua Desemba jina lake litapita mezani kwa mtu fulani, hawezi kuandika "nilikaa mpaka saa moja usiku". Anaandika saa 11. Karatasi inasema uongo na aliyeiandika ni mfanyakazi mwenyewe. Sasa hapo vifungu vitasaidia nini?

#34 Juma Ughaibuni
Nakazia. Huku pia mtu anaambiwa "usiandike zaidi ya arobaini" na kazi ni ya hamsini. Na wengine wanaahidiwa mapumziko badala ya hela, "utakuja kupumzika Ijumaa". Kwa kampuni binafsi, mfanyakazi wa saa anayestahili ovataimu hapewi siku ya mapumziko badala ya malipo, sheria ya shirikisho ya ujira na saa za kazi ya 1938 haijaruhusu. Taasisi za serikali ndizo zinazoweza, nazo kwa saa moja na nusu kwa kila saa moja.

#35 Nyota wa Pembeni
Mimi naongeza sababu ya nne. Kazi za watu watatu zinafanywa na wawili. Aliyeondoka hakujazwa. Hakuna mfumo wala tangazo litakaloondoa hilo, maana ule mzigo unabaki palepale, kinachobadilika ni kama unaandikwa au hauandikwi.

#36 Msimamizi
Nyota hilo nakubaliana nawe moja kwa moja. Nimeomba mtu wa tatu na nimenyimwa.

#37 Mtu wa Vifungu
Zamu #33 ameuliza vifungu vitasaidia nini. Vinasaidia kujua nani abebe mzigo wa kumbukumbu. Tarehe 14 Mei 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoletwa na chama cha wafanyakazi cha CCOO cha Hispania, iliamua kwamba nchi wanachama zinapaswa kuwataka waajiri wawe na mfumo usioegemea upande, wa kuaminika na unaofikika wa kupima saa za kila mfanyakazi kila siku. Hoja ilikuwa hiihii ya hofu: mfanyakazi ndiye mnyonge, bila kumbukumbu hana cha kudai nacho. Hispania siku mbili kabla ya hukumu hiyo ilikuwa imeshaanza kuwalazimisha waajiri kuandika saa ya kuanza na kumaliza, na kutunza kumbukumbu hizo miaka minne.

Marekani walishalisema mwaka 1946 katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo: kama mwajiri hakutunza kumbukumbu sahihi, mfanyakazi anaweza kuonyesha saa zake kwa makadirio ya haki, kisha mwajiri ndiye apangue. Kwa hiyo daftari lako dogo lina uzito.

#38 Binti Hesabu
Daftari liandikwe siku hiyohiyo. Tarehe, saa ya kufika, saa kiduara kilipoacha kuzunguka, saa ya simu ya mwisho, saa ya kutoka, na kazi iliyofanyika. Mtu akiandika miezi mitatu kwa kalamu moja usiku mmoja inaonekana. Barua pepe ulizotuma jioni zina saa zake. Msitume nyaraka za wateja kwenye anwani zenu binafsi, hapo mnafungua kesi nyingine.

#39 Fundi Mifumo
Na kompyuta yenyewe inaandika saa ilipowashwa. Iko kwenye kumbukumbu za mfumo wa uendeshaji, haihusiani na programu ya mahudhurio. Ukiomba kwa maandishi, idara ya mitambo wanaweza kuitoa. Tofauti kati ya saa mashine ilipowashwa na saa uliyobonyeza "nimeingia" ndiyo jibu la mleta uzi, kwa dakika na sekunde.

#40 Wanjala
Muda wa kudai nao uangaliwe. Kenya ni miaka mitatu. Tanzania?

#41 Mtu wa Vifungu
Tanzania ni mfupi mno. Kuachishwa kazi siku 30, migogoro mingine siku 60 tangu jambo litokee, unapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na lazima uwe na sababu. Marekani kwa sheria ya shirikisho ni miaka miwili, mitatu kama mwajiri alikiuka kwa makusudi.

#42 KaraniWaZamu
Wakuu asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimepeleka ombi la Fundi #39 kwa maandishi, wenzangu wanne wamesaini pamoja nami. Meneja ameniita. Amesema kuanzia mwezi ujao tutagonga kidole mlangoni, kompyuta itakuwa shauri lao. Ila kwa yaliyopita ameleta fomu: "nathibitisha sina madai yoyote ya muda wa ziada hadi tarehe ya leo." Wawili wameshasaini. Mimi nimeomba niisome nyumbani.

#43 Msimamizi
Kwa maoni yangu pokea. Umepata mabadiliko bila kesi. Ukishupaa kwa ya nyuma unaweza kupoteza na haya ya mbele.

#44 Binti Hesabu
Usisaini. Akitaka uthibitishe huna madai, kwanza akupe orodha ya saa ulizowasha mashine. Huwezi kuthibitisha usichokiona.

#45 Mzee Rejista
Kwa hili nasimama na binti. Nimekaa kazini muda mrefu, sijawahi kuona mwajiri asiyedaiwa akichapisha fomu ya kutodaiwa.

#46 Mtu wa Vifungu
Marekani mfanyakazi hawezi kusamehe haki zake za ovataimu kwa karatasi ya kusainishana ofisini, Mahakama Kuu ilishasema hivyo mwaka 1945. Kwingine inategemea. Kabla ya yote, Karani, niambie: fomu ina tarehe gani, na inataja malipo yoyote unayopewa kwa kusaini, au ni sahihi yako tu wanayoitaka? Na wale wawili waliosaini, wamebaki na nakala?